Nafasi za mwisho kikosini hupiganiwa Agosti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji ili nizungumzie jinsi gazeti lako linavyoripoti mechi za maandalizi za futiboli ya Kimarekani kila inapofika Agosti. Habari zenyewe huwa ni mistari michache: matokeo, jina la nyota fulani ambaye mara nyingi hata uwanjani hakuingia, na kauli kwamba mechi hizi ni za kirafiki tu na hazina uzito wowote. Nashukuru kwamba mchezo huu unakumbukwa, kwani hapa Lubumbashi tunaoufuatilia si wengi, na tunaufuatilia kwa taabu, kwenye simu, baada ya usiku wa manane. Hata hivyo kauli hiyo ya mwisho si sahihi. Ni kweli kwamba matokeo ya mechi za Agosti hayaingii katika msimamo wa ligi. Lakini kwa wengi wa wachezaji wanaoonekana uwanjani siku hizo, hakuna mechi nyingine mwaka mzima itakayoamua riziki yao kama hizo tatu.

Msomaji wetu amezoea soka, na nadhani hilo ndilo linalompotosha. TP Mazembe au Lupopo wakicheza mechi ya kirafiki kabla ya ligi kuanza, mchezaji atakayevurunda atakalishwa benchi kwa muda, lakini mkataba wake upo na mshahara wake upo. Katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, mambo hayaendi hivyo, kwa sababu mikataba ya wachezaji wengi wasio na majina haina dhamana, na timu ikishaamua kumwacha mtu kabla ya msimu, basi amekwisha kuachwa. Kila moja ya timu 32 huingia kambini mwezi wa Julai ikiwa na wachezaji 90, na kabla ya mechi ya kwanza ya ligi lazima wabaki 53. Zamani walipunguzwa kwa awamu; tangu 2023 hupunguzwa kwa mkupuo mmoja, Jumanne ya mwisho wa Agosti. Ukizidisha 37 kwa 32 utaona kwamba karibu watu 1,200 huondolewa katika muda huo mfupi. Wachache huchukuliwa na timu nyingine siku inayofuata, wengine hurudishwa katika kikosi cha mazoezi chenye nafasi 16, na waliobaki hufungasha mizigo yao na kwenda nyumbani. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara wa mchezaji mpya aliyebaki katika wale 53 kilikuwa dola 840,000 kwa msimu, na aliyewekwa kikosi cha mazoezi alianzia dola 13,000 kwa wiki, akilipwa kwa wiki zile tu ambazo bado yupo. Tofauti ya namna hiyo, inayoamuliwa na mechi tatu, haiwezi kuitwa jambo lisilo na uzito.

Sasa zile nafasi za mwisho, tuseme kuanzia ya 40 hadi ya 53, hutolewa kwa kigezo gani? Asiyeujua mchezo hudhani kwamba mpokeaji wa tano, yaani mdakaji wa pasi aliye wa tano katika mpangilio wa kocha, huchaguliwa kwa sababu anadaka mpira vizuri kuliko wa sita. Sivyo. Mpokeaji wa tano anaweza kumaliza wiki kadhaa bila kurushiwa mpira hata mmoja. Kocha hawezi kuweka mtu wa kukaa tu, hasa kwa kuwa siku ya mechi wanaoruhusiwa kuvaa jezi hawazidi 48. Anachouliza ni hiki: huyu, asipokuwa katika ushambuliaji wala ulinzi, atanifaa wapi? Jibu liko katika vikosi maalumu, yaani makundi ya watu 11 yanayoingia pale tu mpira unapopigwa kwa mguu. Kuna kundi la kupiga mkwaju wa kuanzisha mchezo na kundi la kuupokea. Kuna kundi la kuondosha mpira kwa mkwaju unaoitwa panti na kundi la kuupokea. Halafu kuna la kupiga mkwaju wa pointi tatu na la kuuzuia. Yale manne ya kwanza ndiyo yanayotaka watu wa kukimbia, kukabili na kuangusha, na mchezaji wa akiba anayeaminika katika yote manne hubaki kikosini mbele ya mwenzake mwenye kipaji kikubwa zaidi ambaye hataki kazi hiyo.

Ndiyo maana namsihi kila anayeangalia mechi za Agosti asiufuate mpira kwa macho wakati wa panti, bali awatazame wachezaji wawili walio pembeni kabisa, mmoja kila upande. Kwa kanuni za NFL, hao wawili ndio pekee wanaoruhusiwa kutangulia kukimbilia upande wa wapinzani kabla mguu haujaugusa mpira. Mpira uliopigwa vizuri hukaa angani kwa takriban sekunde nne na nusu. Katika muda huo mkimbiaji wa pembeni husukumwa na mpinzani mmoja, mara nyingi wawili, wanaotaka kumtupa nje ya mstari, naye lazima ajinasue, arudi ndani, akimbie zaidi ya mita 40 na kufika mpira unapotua. Na kama mdakaji ameinua mkono kuomba adake bila kuguswa, mkimbiaji huyo huyo aliyekuja kwa kasi yote lazima ajizuie papo hapo, la sivyo timu yake itaadhibiwa. Mimi hufundisha mazoezi ya viungo katika shule ya sekondari hapa mjini. Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu kipande cha namna hiyo kwenye simu, nao kama kawaida waliufuata mpira. Nilipokirudisha na kuwaomba wamwangalie yule wa pembeni tu, mmoja wao akauliza kwa nini mtu anayefanya kazi kubwa kiasi hicho hatajwi jina. Swali hilo, Ndugu Mhariri, nalileta kwako kama lilivyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Terrell Davis. Mwaka 1995 Denver Broncos walimchagua katika raundi ya sita ya draft, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, akiwa wa 196, na alipofika kambini alikuta wakimbiaji mpira wengine wengi, yaani wanaokimbia wakiwa wamebeba mpira, wamemtangulia katika mpangilio wa makocha. Agosti ya mwaka huo timu yake ilicheza mechi ya maandalizi jijini Tokyo dhidi ya San Francisco 49ers. Davis, ambaye alikuwa amekata tamaa kiasi cha kufikiria kurudi kwao, aliingizwa katika kundi la mkwaju wa kuanzisha mchezo. Alikimbia moja kwa moja akamkumba aliyebeba mpira kwa nguvu iliyowafanya makocha wamwulize upya ni nani. Msimu ulipoanza yeye ndiye aliyekuwa mkimbiaji wa kwanza wa Broncos, na katika msimu huo huo akavuka yadi 1,000 za kukimbia na mpira. Januari 1998 alikuwa mchezaji bora wa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, msimu wa 1998 alikimbia yadi 2,008, na mwaka 2017 akaingizwa katika Jumba la Umaarufu la mchezo huo. Gazeti lililoandika siku ile kwamba mechi ya Tokyo haikuwa na uzito lilipitwa na habari kubwa kuliko zote za timu hiyo.

Hata hivyo si kila mtu hutumia vikosi maalumu kama ngazi ya kupandia kwingine, na mimi binafsi huwapenda zaidi wale walioifanya kazi hiyo kuwa kazi yao. Matthew Slater aliingia New England Patriots mwaka 2008 kupitia raundi ya tano, akaandikwa kuwa mpokeaji. Katika misimu 16 alidaka mpira mmoja tu akiwa mpokeaji. Mmoja! Lakini alichaguliwa mara 10 kwenda Pro Bowl, mechi ya wachezaji bora wa ligi, na ana mataji matatu ya Super Bowl, yote kwa sababu hakukuwa na mtu aliyekimbilia mkwaju kama yeye. Kabla yake alikuwepo Steve Tasker wa Buffalo Bills, mtu mfupi kwa vipimo vya mchezo huo, ambaye Bills walimchukua mwaka 1986 baada ya kuachwa na Houston Oilers, akaishia kwenda Pro Bowl mara saba. Watu wa aina hii hawapatikani kwa kutazama takwimu za kudaka na kurusha. Hupatikana kwa kocha kukaa na picha za mechi za Agosti na kumtazama kila mmoja, mkwaju kwa mkwaju.

Huenda mtu akauliza kwa nini hayo yasiamuliwe mazoezini. Jibu ni rahisi: mazoezini hawaangushani. Makocha wengi huogopa kuwapoteza wachezaji kwa majeraha, kwa hiyo hukimbia, hukabiliana, lakini mwenye mpira huachwa apite. Nyota wanaweza kuvumilia hilo kwa kuwa kazi yao inajulikana, na wapo makocha, kama Sean McVay wa Los Angeles Rams, wanaojulikana kwa kuwaweka kando kabisa katika mechi za maandalizi. Mtu anayegombea nafasi ya 51 hana bahati hiyo. Kama anaweza kumwangusha mwanaume mwenye kasi katika uwanja mpana, mahali pa kulionyesha hilo ni kwenye mechi tu, na tangu 2021 mechi hizo zimepunguzwa kutoka nne hadi tatu kwa timu nyingi. Akipewa mikwaju mitano kwa mechi, hiyo ni mikwaju 15. Akiteleza katika miwili, mwingine yuko tayari nyuma yake.

Nafikiri pia kwamba kauli ya gazeti imepitwa na wakati kwa sababu ya mabadiliko ya kanuni ambayo sijaona yakielezwa kwa Kiswahili mahali popote. Kwa miaka mingi mkwaju wa kuanzisha mchezo ulikuwa ukififia. Watu walikuwa wanakimbia kwa kasi umbali wa zaidi ya mita 40 na kugongana ana kwa ana, majeraha ya kichwa yakawa mengi, na ligi ikawa inaweka kanuni baada ya kanuni ili mpira usirudishwe, yaani mdakaji asikimbie nao kuelekea kwa waliopiga. Ilifikia hatua kwamba katika Super Bowl ya Februari 2024 hakuna hata mkwaju mmoja wa kuanzisha uliorudishwa. Yote iliishia nyuma ya mstari wa goli. Mtu aliyekuwa akila kwa kazi hiyo aliona thamani yake ikishuka mwaka hadi mwaka.

Kuanzia msimu wa 2024 mkwaju huo ulipangwa upya. Mpigaji bado anapiga kutoka yadi ya 35 ya upande wake, ikihesabiwa kutoka mstari wa goli lake, lakini wenzake 10 sasa husimama kwenye yadi ya 40 ya wapinzani, na wengi wa wanaopokea husimama mbele yao kati ya yadi ya 35 na ya 30, karibu uso kwa uso. Hakuna anayeruhusiwa kusogea, isipokuwa mpigaji na wanaosubiri kuudaka, hadi mpira uguse ardhi au uguswe na mchezaji ndani ya eneo la kutua, ambalo ni kutoka mstari wa goli hadi yadi ya 20. Timu inayopiga ikiupitiliza mpira moja kwa moja hadi nyuma ya goli, wapinzani mwaka 2024 walianzia yadi ya 30 ya upande wao, na mwaka 2025 adhabu hiyo ikaongezwa hadi yadi ya 35, kiasi kwamba makocha waliona heri kuacha mpira urudishwe. Mikwaju inayorudishwa iliongezeka mwaka 2024, na mwaka 2025 ikazidi maradufu ya hiyo.

Matokeo yake kwa wagombea wa nafasi za mwisho ni makubwa. Kwanza, kazi ya kuwaangusha wenye mpira imerudi, na aliyeondolewa 2023 kwa kuwa hakuhitajika angeweza kubaki leo. Pili, aina ya mtu anayetakiwa imebadilika: kwa kuwa mbio ndefu zimeondolewa, mwenye kasi ya mita 100 hana faida kama ya zamani, na anayetafutwa ni mwenye nguvu za mikono, anayejua kumwondoa aliye mbele yake kwa hatua mbili tatu kisha akageuka upesi; kwa hiyo walinzi wa kati, wapokeaji wazito na wakimbiaji mpira wa akiba wamepata soko. Tatu, wapigaji wenyewe sasa hupimwa kwa kuulenga mpira udunde vibaya ndani ya eneo la kutua, si kwa kuupeleka mbali tu. Haya yote makocha wanayajifunza Agosti, mbele ya macho yetu, na wengine huficha mbinu zao hadi ligi ianze.

Nitaje hapa, ingawa ni kwa kupita, kwamba Baltimore Ravens walishinda mechi 24 za maandalizi mfululizo hadi walipofungwa na Washington Agosti 2023. Kocha wao wa wakati huo, John Harbaugh, alikuwa ameongoza vikosi maalumu vya Philadelphia Eagles kwa miaka kadhaa kabla ya kupewa Ravens mwaka 2008, na kwangu mimi mambo hayo mawili yanahusiana.

Jambo la mwisho linanihusu kama mwalimu. Vijana wa komini zetu za Katuba, Kenya na Kamalondo hapa Lubumbashi wamelelewa na mpira wa miguu, na wakishasikia kwamba katika futiboli ya Kimarekani kuna mtu anayelipwa kwa kupiga mpira kwa mguu tu, hunijia macho yakiwaka. Hawakosei kabisa. Brandon Aubrey alikuwa mchezaji wa soka aliyechaguliwa na Toronto FC mwaka 2017, mpira ukamshinda, akafanya kazi ya kuandika programu za kompyuta, kisha akajifunza kupiga mikwaju. Mwaka 2023 aliingia Dallas Cowboys na kufunga mikwaju yake 35 ya kwanza ya pointi tatu bila kukosa, jambo ambalo halijawahi kufanywa na mchezaji mwingine anayeanza katika ligi. Charlie Smyth, aliyekuwa golikipa wa mpira wa Kigaeli huko Ireland, alipiga mkwaju wa ushindi kwa New Orleans Saints katika dakika ya mwisho ya mechi ya maandalizi ya Agosti 2024, na bado akawekwa kikosi cha mazoezi.

Mwisho wa habari ya Smyth mwaka ule ndio ninaotaka vijana wauone vizuri. Timu huweka mpigaji mmoja wa pointi tatu, mpigaji mmoja wa panti na mmoja wa kuwapitishia mpira kwa nyuma kati ya miguu yake. Katika ligi nzima hizo ni nafasi 32 za kila kazi, na mwenye nafasi huwa haiachii: Adam Vinatieri aliishikilia kwa misimu 24, tangu 1996 hadi 2019. Kumwambia mtoto wa Katuba kwamba mguu wake peke yake utamfikisha huko ni kumdanganya. Ukweli ni kwamba vikosi maalumu vina nafasi nyingi zaidi kwa anayekimbia na kuangusha kuliko kwa anayepiga. Kijana mwenye mwili, kasi na moyo wa kukabiliana ndiye mwenye mlango mpana zaidi, na mlango huo NFL imeanza kuufungua Afrika kwa kambi zake, Accra mwaka 2022 na Nairobi mwaka 2023. Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyelelewa Kanada, alichaguliwa wa nane na Carolina Panthers mwaka 1996, kwa hiyo hakuhitaji kugombea nafasi ya 53. Wengi watakaomfuata wataihitaji, na ingefaa wajue tangu sasa kwamba kazi yao ya kwanza itakuwa kukimbilia mkwaju uliopigwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linatekelezeka. Agosti ijayo gazeti liache kuandika kwamba mechi hizi hazina uzito. Badala ya jina la nyota aliyekaa benchi, litaje walau mchezaji mmoja kwa kila mechi aliyeonekana katika vikosi maalumu na lieleze alifanya nini. Na Jumanne ile ya kupunguza wachezaji ikishapita, lichapishe majina ya wale waliobaki kwa kazi hiyo, pamoja na majina ya walioachwa, kwa kuwa nao walicheza. Niko tayari kuyakusanya mimi mwenyewe na kuyaleta ofisini kwenu bila malipo.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa mazoezi ya viungo,
Komini ya Katuba, Lubumbashi.